Nimefunda wali miaka 19, na nusu ya mafundisho nilikuwa naiacha

Kazi yangu ni kufunda wali, yaani mabinti wanaokaribia kuolewa, mimi ni kungwi. Nilianza 2006 pale Temeke kwa mtoto wa jirani, mama yake hakuwa na hela ya kungwi wa maana akaniomba mimi nimsaidie, nikamfunda, watu wakapenda, toka hapo sijapumzika. Msimu ukikolea, yaani baada ya mfungo na ile miezi ya mwisho wa mwaka, naweza kuwa na wali watatu ndani ya wiki moja, leo Mbagala kesho Tabata keshokutwa Kigamboni.

Naanza hivo ili anayesoma ajue anamsikiliza nani. Mimi ni mtu wa mila na mtu wa dini. Naamini mume ndo kichwa cha nyumba, naamini mwanamke kumpikia mumewe na kumpokea vizuri akirudi sio utumwa, naamini mtoto mchanga anamhitaji mama yake karibu na hakuna housigeli wala shule ya chekechea inayoziba pengo hilo. Hayo niliyasema 2006 na wiki iliyopita nimeyasema tena. Asije mtu akasoma huku anasubiri mwishoni niseme nimeyatupa, sijayatupa. Kuna kitu kingine nataka kueleza, kimenichukua miaka mingi kukiona na kimemgharimu mtoto wa watu sikio.

Nimezaliwa Kisarawe 1971. Sisi Wazaramo mtoto wa kike akivunja ungo anakuwa mwali, anawekwa ndani, na zamani bibi alikuwa anasema mtu anakaa miezi mpaka rangi inageuka kwa kutoona jua. Mimi niliwekwa likizo ya Desemba tu kwasababu baba hakutaka shule yangu iharibike, wakabishana sana na bibi mwisho wakakubaliana likizo. Nikapelekwa mkoleni, pale wali wanapofundwa, kama wenzangu. Yanayosemwa mkoleni hayaandikwi, na mimi sitoyaandika hapa, ila niseme tu kwamba ukitoka pale unajua mwili wako, unajua adabu ya ukweni, unajua kukaa na watu.

Kungwi wangu alikuwa shangazi yake baba. Mwanamke mfupi, mkimya, hana maneno mengi. Nilipoolewa 1990 nikaja kuishi Temeke kwenye chumba kimoja na mume wangu, yeye alikuwa fundi magari mtaa wa Gerezani karibu na Kariakoo, na mwezi wa nne wa ndoa ikatokea siku tatu mfululizo mwenzangu anatoka asubuhi haachi matumizi. Hela anayo, nikamuuliza kwa upole akanijibu nisubiri. Sikumwambia mama, mama haambiwi mambo kama hayo. Nilituma ujumbe kwa kungwi, maana ukifundwa unaambiwa kabisa, likikushinda niite mimi kabla hujamwita mtu mwingine yeyote.

Alikuja na basi la mchana. Nikamkaribisha chai akakataa, akakaa pale barazani kwenye mkeka mpaka saa tatu usiku mume wangu aliporudi. Akamsalimia vizuri, akamuuliza habari za kazi, halafu akamwambia, "Mwanangu, mimi nilikukabidhi mtu anayekula." Hakuongeza kitu. Alilala hapohapo, asubuhi akaenda Buguruni kwa mjomba wake mume wangu ambaye ndo alikuwa mshenga wetu, na Ijumaa baada ya swala wakakaa wanaume watatu na mume wangu, mimi sikuitwa na sikuambiwa kilichosemwa. Ninachojua ni kwamba tangu Ijumaa hiyo hadi leo ni miaka 35, matumizi hayajawahi kukosekana bila mimi kuambiwa sababu. Hata kipindi kile karakana ilifungwa alikuwa anakuja ananiambia mapema leo hakuna, tufanyeje.

Nilikaa nyumbani nikalea watoto wanne. Nilikuwa na cherehani nashona sare za shule na madera, hela yangu ilikuwa yangu kama dini inavyosema, akiihitaji ananikopa na analipa. Nimeishi maisha ambayo watu wengi sikuhizi wakisikia wanasema nimeonewa, na mimi nawaambia sijaonewa. Nimeheshimiwa. Na kwasababu niliheshimiwa nilidhani heshima ile imetokana na mimi kujua kunyamaza, kujishusha, kuvumilia. Nikachukua hayo maneno nikawa naenda kuwagawia watoto wa watu.

Sasa kichen pati. Sisi tulipokuwa wasichana hatukuwa nayo, ilikuja kukua mjini baadae na sa hivi bila hiyo mama wa bibi harusi anaona aibu. Kamati, michango, sare, ukumbi, MC, mziki, friji limefungwa utepe pale mbele, sufuria, mabeseni, kila kundi linapita na zawadi yake linacheza. Katikati ya hayo yote kungwi unapewa dakika zako 40. Mwali anakalishwa kwenye jamvi kafunikwa khanga, kina mama wamemzunguka, unasema unayosema, wanakutunza, MC anakuambia mama muda, unapewa bahasha na nauli unarudi kwako. Mwali mwenyewe unamuona siku hiyo tu, au mara mbili ukiwa na bahati. Bwana harusi mimi nilikuwa namjua kwa jina lililoandikwa kwenye bango la ukutani.

Nilichokuwa nasema mnakijua wote. Mume akija juu wewe shuka chini. Ya ndani yabaki ndani. Akinuna mchekee, akifoka nyamaza, maji ya moto hayachomi nyumba. Usikimbilie kwenu, kwenu umeshatoka. Mvumilivu hula mbivu. Na hapo kwenye kuvumilia ndo nilikuwa nasifika, nina namna yangu ya kupandisha sauti na kushusha, kina mama wanalia, vigelegele, noti zinamwagika. Nilijengea choo cha ndani kwa ile sehemu ya mafundisho peke yake, sisemi uongo.

2014 nilimfunda binti mmoja, sitomtaja. Alikuwa na miaka 24, anauza duka la vipodozi, mcheshi, mwepesi wa kuelewa. Mume alimtaka aache kazi akaacha na mimi niliona sawa, mbona na mimi nilikaa nyumbani. Wakahamia Chanika kwenye kiwanja cha mume, wakaanza kujenga.

2017, usiku wa saa tano, simu. "Mama kungwi naomba unishauri." Akaniambia mume anampiga. Nilikuwa nimetoka kwenye shughuli Mbagala, miguu imevimba, nataka kulala. Nikamuuliza swali ambalo leo likinijia nikiwa peke yangu nafumba macho. Nilimuuliza, "Kwani wewe ulimjibu nini?" Akanyamaza. Nikamwambia vumilia mwanangu, ujenzi unawapa wanaume stresi, mkimaliza nyumba atatulia, jitahidi usimchokoze. Akasema asante mama. Hayo mazungumzo hayakufika dakika tano. Wala sikumpigia kesho yake kumuuliza umeamkaje.

Mwaka uliofuata alinipigia dada yake. Alipigwa kofi la sikio, ngoma ya sikio ikapasuka, akakaa nalo ndani wiki mbili kwasababu ya ndani yanabaki ndani, likatunga usaha, alipofika hospitali walimtibu lakini usikivu wa sikio la kulia ukawa umeshaenda. Na nyumba ilikuwa imekwisha, imepigwa na rangi kabisa.

Nilienda kwa yule mume. Niwe mkweli, nilitegemea nikute mlevi, mtu wa ovyo. Nilimkuta kijana msafi, mpole wa kuongea, akanitolea kiti akaninunulia na soda. Nikaanza kumsema. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia bila hata kupandisha sauti, "Lakini mama, si wewe ndo ulimfundisha?" Akachukua simu. Alikuwa na video ya ile kichen pati, ile ya mpiga picha, kakata kipande changu. Sauti yangu mwenyewe inasema usikimbilie kwenu, kwenu umeshatoka, na vigelegele kwa nyuma. Binti akisema anaenda kwao alikuwa anamuwekea hiyo. Miaka mitatu.

Sikufanya kazi miezi mitatu. Waliokuwa wameshanipa tarehe niliwaambia naumwa.

Kungwi wangu alikuwa bado hai, macho hayaoni vizuri lakini akili yake nzima. Nikaenda Kisarawe nikamweleza yote. Nikamwambia maneno niliyosema ni yaleyale uliyoniambia wewe, sijaongeza sijapunguza, mimi yamenijengea na huyu yamemuua sikio, kwanini. Akaniuliza, mshenga wao ni nani. Sikujua. Akaniuliza, huyo mwanaume ulimuonya lini. Nikamwambia sijawahi kumuona kabla. Akauliza, alipokupigia usiku ulifika siku ya ngapi. Nikaanza kulia. Akasema, "Basi wewe ulifunda nusu mtu."

Nimeyatafakari hayo maneno miaka saba sasa. Mimi nilipoambiwa vumilia, niliambiwa na mtu ambaye atapanda basi. Neno vumilia lilikuwa na pacha wake, na pacha wake ni niite. Nyuma ya kunyamaza kwangu kulikuwa na bibi anayekaa barazani mpaka saa tatu usiku, kulikuwa na mjomba wa Buguruni ambaye mume wangu hawezi kumtazama machoni akiwa na kosa, kulikuwa na mahari ambayo wazee wa pande zote mbili walikaa wakaipokea kwa mikono yao na kila mmoja aliyepokea akawa ni shahidi. Mume wangu na yeye alifundwa, alipitia jando, alikalishwa kabla ya ndoa akaambiwa mke sio ng'ombe. Kwahiyo nilivyojishusha nilikuwa najishusha mbele ya mtu ambaye na yeye kuna watu anajishusha mbele yao.

Huyu binti wa Chanika alikuwa na nani? Mahari ilipangwa kwa simu, mshenga alikuwa rafiki wa kazini wa bwana harusi aliyeazimwa kanzu siku moja, wazazi wa mume wako mkoani, majirani hawajuani, kungwi ni mtu wa bahasha. Wale watu wote waliokuwa wanambana mwanaume tumewaacha njiani kidogokidogo, kwa sababu ya umbali, kwa sababu ya gharama, kwa sababu mjini kila mtu na lake. Yale maneno ya kumbana mwanamke ndo tumekuja nayo yote, maana maneno hayana nauli. Halafu tunaita hiyo mila.

Baadae nikafahamiana na mama mmoja mjumbe wa baraza la kata, zamani alikuwa karani wa mahakama, yeye ndo alimshika mkono yule binti kwenda dawati la jinsia la polisi, fomu ya PF3 ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mpaka kwenye talaka. Na mimi nikawa nafuatana nao, nilijiambia safari hii sibaki nyuma hata siku moja. Huyo mama alinionyesha vitu ambavyo nilivionea haya kutovijua kwa umri wangu na kazi yangu. Sheria ya Ndoa, ile ya 1971, umri wangu mimi, kifungu cha 66 kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Kifungu cha 63 kinasema ni wajibu wa mume kumtunza mke, malazi, mavazi, chakula. Nyumba ya ndoa, mmoja hawezi kuiuza kimyakimya bila ridhaa ya mwenzie, kifungu cha 59. Toka nazaliwa yapo. Na mimi nimekaa mbele ya wali sijui mia ngapi sijamwambia hata mmoja.

Kuna kesi aliniambia, ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani 1983, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali. Kabla ya hapo mahakama zilikuwa hazikubaliani, wengine wanasema mke wa nyumbani hakuchangia mali maana hakuleta hela, wengine wanasema kupika, kulea, kutunza nyumba ni mchango. Mahakama ya Rufani ikasema ni mchango, unahesabika. Bi Hawa mwenyewe siku ile hakuongezewa kitu kwasababu mume aliwahi kumpa hela ya kuanzisha mradi wa familia na ikaonekana aliitumia ovyo, lakini alichokifungua kimewafaa wanawake wengi waliokuja baada yake. Nilivyosikia nikamkumbuka bibi. Bibi alikuwa anasema mwanaume anajenga kuta na mwanamke anajenga nyumba. Hakuwahi kuingia mahakamani huyo bibi, hajui kusoma, na walifika palepale.

Sisi watu wa mila ndo tulitakiwa tuwe wa kwanza kuishangilia ile hukumu. Kama tunaamini kweli kukaa nyumbani ni kazi ya heshima, basi ihesabiwe kama kazi siku ya mahesabu. Huwezi kumwambia mwanamke acha duka, kaa nyumbani, wewe ni malkia, halafu siku mkishindwana unamwambia ulileta nini humu ndani. Yule binti alisimamia mafundi miaka miwili, alipika ubwabwa wa vibarua, alilala kwenye saiti ambayo haina mlango kulinda saruji. Mahakama ilimpa theluthi ya thamani ya nyumba. Wapo walionuna pale nje. Mimi nilipiga kigelegele barabarani, na nitapiga tena.

Sasa nije kwa wanaharakati, maana nimewasema vibaya miaka mingi na kuna ambayo bado nitawasema. Sipendi wanavyoongea kuhusu mwanamke wa nyumbani kana kwamba ni mtu asiyejitambua. Mimi nilijitambua. Sipendi hii ya hamsini kwa hamsini ya kupimiana nani kaosha sahani ngapi, ndoa ikifika kwenye kupimiana huwa imeshaanza kufa. Na hii ya kuwaambia wasichana mwanaume wa nini, mwanaume sio lolote, inanikera, kwasababu nimezeeka na mwanaume na najua ni kitu gani, nilivyoumwa 2011 nikafanyiwa upasuaji alinifulia na kuniogesha wiki tano na hakuna mtu alimwambia ni zamu yake.

Lakini wale kina mama wa TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake, toka 1987 wanapiga kelele kuhusu vipigo na ubakaji, ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 wao ni katika walioipigania, sisi kwenye shughuli zetu tulikuwa tunawasema hawa ni walioshindikana kuolewa. Yule binti alipotoka ndani na sikio bovu, mlango aliokwenda kugonga haukuwa wangu. Dawati lile la polisi mimi sikulianzisha. Hata suala la umri, sheria ile ya 1971 iliacha mtoto wa miaka 15 aozwe kwa ridhaa ya mzazi, akaja binti mdogo Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba haifai na Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Hapo mimi nipo naye mia kwa mia. Kuvunja ungo ni kuanza kufundishwa, na hata bibi aliyeolewa mdogo sana alikuwa anasema alimzaa mtoto wake wa kwanza huku na yeye anataka kubebwa.

Na kuna hawa vijana wa kiume wa sikuhizi wananitumia meseji, mama umeongea vizuri, waambie hawa, wanawake wa zamani walikuwa wanatulia. Kijana una miaka 28, huna mzee unayemsikiliza, hujawahi kukalishwa na mtu ukaambiwa ukweli, mahari umemalizia nusu, matumizi unatoa ukipenda, halafu unataka mke wa zamani. Mume wa zamani yuko wapi? Mwanamke wa zamani mwenyewe hamumjui. Bibi mdogo wangu, ndugu yake bibi, alikuwa Kariakoo miaka ya hamsini anacheza lelemama, na Bibi Titi Mohamed alipoingia TANU miaka hiyohiyo wanawake aliwapata kwenye vikundi hivyohivyo vya ngoma. Walikuwa ni wanawake walewale wa baibui na unyago, waliofundwa kama mimi, na ndo walijaza viwanja vya mikutano. Bi Khadija, mke wa Mtume, alikuwa mfanyabiashara kabla na alimuajiri. Mwanamke anayejua nafasi yake hajawahi kumaanisha mwanamke asiye na sauti, sijui hii tumeitoa wapi.

Binti yangu wa pili ni mhasibu, kaolewa 2021. Nilimfunda mwenyewe, na yeye ndo mtu wa kwanza nilimfunda ukamilifu baada ya yale. Mume wake Jumapili anapika. Mara ya kwanza nilivyomkuta jikoni mkwe wangu na aproni nilishikwa na aibu nikataka kuondoka, binti akanivuta mkono akanikalisha. Pilau lake lilikuwa zuri, nikala. Hatukubaliani mambo mengi mimi na yeye. Yeye anasema hilo neno kichwa cha nyumba nilitoe kwenye mafundisho yangu kwasababu wanaume wanalisikia vibaya. Mimi namwambia sitolitoa, nitaliongezea mzigo. Kichwa ndo kinachotangulia kupigwa na mvua. Kichwa ndo kinacholaumiwa. Anacheka ananiambia mama wewe hubadiliki. Tuko hivo.

Kwahiyo sikuhizi nafanya hivi. Anayekuja kuniomba nimfundie mtoto, namwambia nataka saa moja na bwana harusi, na nataka mshenga awepo, nataka na namba yake ya simu. Sifundi bila hiyo. Bwana harusi namwambia mbele ya mshenga, nitakwenda kumwambia mwenzio akuheshimu, na ukimshinda aniite, na mimi nikiitwa nakuja, na huyu hapa namuita. Namwambia na kifungu cha 66. Hadithi ya Mtume namkumbusha, kwamba mbora wenu ni yule aliye mbora kwa mkewe. Wengine wanafurahi, yupo mmoja alilia, akasema toka baba yake afariki hajawahi kukalishwa na mtu mzima akaongeleshwa mambo ya ndoa. Mwali naye namuuliza, ardhi mnayojenga, hati yake ina jina la nani, unajua? Una kabiashara, una kibubu? Namwambia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, usikope kwa siri ya mume, na yeye asikope kwa siri yako. Namba yangu anaandika pale pale, na baada ya mwezi mmoja nampigia mimi, baada ya miezi sita nakwenda kwake, nauli yangu mwenyewe.

Nimepoteza kazi kwa ajili hiyo. Mwaka jana familia moja ya upande wa kiume walisema mtoto wao hawezi kukalishwa na mwanamke, huu ni usasa, wakatafuta kungwi mwingine. Usasa. Mimi niliyetoka mkoleni.

Na video sikubali. Mpiga picha anatoka nje mimi nikianza.

Mwezi wa nane mama yake yule binti wa Chanika alikuja kwangu. Mdogo wake anaolewa. Nilidhani kaja kunisuta, nikaanza kuomba msamaha upya, akaniambia sikuja kwa hilo, mwanangu mkubwa kasema mdogo wake afundwe na wewe na sio mtu mwingine. Nikamwambia masharti yangu akasema tunayajua.

Siku yenyewe hatukufanya ukumbini, tulifanya nyumbani kwao, wanawake kumi na tano tu. Dada mtu alikuja akakaa kwenye jamvi kwa upande wangu wa kulia, sikio lake zima likiwa kwangu. Nikasema ya usafi, nikasema ya ukweni, nikasema ya matumizi. Nilipofika pale kwenye kuvumilia sauti ikakata. Nikamtazama yeye. Alikuwa ananitazama pia. Akaninong'oneza, "Sema, mama. Halafu umwambie na ile nyingine."